Shahada ya Uzamili ya Uhasibu kwa Njia ya Mtandao: Ithibati na Mambo Yaliyo Nyuma Yake



Mei 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistani, ilikuwa ikiuza shahada za vyuo visivyokuwapo ila kwenye tovuti. La kutisha zaidi ni kwamba kampuni hiyo ilibuni hata vyombo vya kuvipa vyuo hivyo ithibati. Kwa hiyo kumuuliza muuzaji kama chuo chake kina ithibati hakutoshi. Sisi ni watu wa hesabu. Mkaguzi hapokei salio la benki kwa maneno ya mteja, huiandikia benki yenyewe. Na chuo kichunguzwe hivyo hivyo.

Kwa Marekani, Wizara ya Elimu ya huko na baraza liitwalo CHEA huorodhesha vyombo vya ithibati vinavyotambuliwa. Chombo kisichomo humo kitilieni shaka. Serikali ya Uingereza nayo huchapisha orodha ya vyuo vyenye mamlaka ya kutoa shahada. Mtakutana pia na nembo ya AACSB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1916 ambacho hukagua shule za biashara na kina ithibati ya pekee kwa programu za uhasibu. Ni sifa njema, ingawa vyuo vingi halali havina.

Hapa nyumbani, anayetambua na kulinganisha tuzo za nje ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU. Waulizeni kwa maandishi kabla ya kujisajili, mtaje chuo, programu, na kwamba masomo ni ya mtandaoni. Inauma kumwona mtu amemaliza masomo kwa ada ya mkopo, kisha mwajiri anamdai barua ya utambuzi asiyoweza kuipata.

Nataka tukae zaidi kwenye jambo linalosahaulika: mtaala. Programu nyingi za Marekani zimeundwa kumsaidia mwanafunzi kutimiza saa 150 za muhula (krediti) ambazo majimbo yamezoea kudai kabla ya leseni ya CPA. Humo atasoma kodi ya Marekani na kanuni za US GAAP. Tanzania tunafuata IFRS, na serikalini IPSAS. Tofauti si ndogo. Kule kampuni inaweza kuthamini bidhaa za bohari kwa LIFO, njia ambayo IAS 2 imeikataza. IAS 16 inaruhusu jengo kuthaminiwa upya kwenda juu, kule hairuhusiwi. Anayetaka kuandaa hesabu za kampuni ya Mwanza asome orodha ya kozi mojamoja kabla ya kuvutiwa na jina la chuo. Kwa maoni yangu, programu ya kawaida inayofundisha IFRS kwa kina inamfaa kuliko yenye jina kubwa inayofundisha sheria za nchi nyingine.

Tena, uzamili peke yake haumpi mtu haki ya kusaini ripoti ya ukaguzi. Haki hiyo hupatikana kwa kusajiliwa na NBAA, Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mwenye lengo hilo aanze kwa kuuliza Bodi.

Mwisho ni ratiba. Kipindi cha moja kwa moja cha saa moja jioni New York, majira ya baridi, ni saa tisa usiku Dar es Salaam. Ulizeni kama vipindi hurekodiwa, na mtihani unaosimamiwa kwa kamera hufanyikaje umeme ukikatika. Majibu yawe ya maandishi, nayo yatangulie malipo ya ada.