Kanuni Mpya Ikija, Nani Atalipa?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Najua kuna walioacha ng'ombe hawajakamuliwa, kwa hiyo sitawachelewesha.

Bwana wetu alisimulia juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Mtaikuta habari hiyo katika Luka, sura ya 14. Mtu mwenye busara hukaa chini kwanza akapiga hesabu, asije akaishia kwenye msingi na majirani wakamcheka. Leo nataka tujiulize: Je, serikali nayo ikitaka kuleta kanuni mpya, hukaa chini ikapiga hesabu? Na sisi tuko wapi katika hesabu hiyo?

Kwanza tuelewane. Bunge hupitisha sheria. Lakini sheria haiwezi kusema kila kitu, kwa hiyo Waziri au bodi fulani hupewa ruhusa ya kutunga kanuni. Mara nyingi ni hizo kanuni zinazotufikia sisi: leseni gani, ada gani, gunia la kilo ngapi.

Mnakumbuka karatasi za plastiki za kubebea vitu. Tarehe 28 Februari 2017 ilitangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwamba zimepigwa marufuku, na tarehe 28 Agosti mwaka huo marufuku ikaanza. Adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Faida tuliziona wenyewe. Ng'ombe walikuwa wanakula karatasi hizo na mitaro ilikuwa inaziba. Lakini mama mboga aliyekuwa akifungia nyanya katika karatasi ya bei ya chini ilibidi atafute mfuko mwingine, na gharama ikawa juu yake au juu ya mnunuzi. Kwa hiyo kanuni yaweza kuwa nzuri na bado iwe na mtu anayeilipia. Kupiga hesabu siyo kupinga. Ni kutaka kujua nani analipa na nani anafaidi.

Sasa, mwaka 2013 Bunge letu lilipitisha sheria inayoeleza jinsi kanuni zinavyotakiwa kutungwa. Inasema kwamba kanuni ikielekea kuleta gharama kubwa kwa jamii, au kwa sehemu ya jamii, anayeitunga lazima kwanza aandae taarifa ya athari zake. Taarifa hiyo hujibu maswali ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuyashika:

1. Kanuni hii inataka kutimiza nini?
2. Itagusa vipi uchumi, maisha ya watu na mazingira? Kuisimamia kutagharimu kiasi gani, na kuitii kutagharimu kiasi gani?
3. Kuna njia nyingine ya kufikia lengo lilelile? Kama ipo, kwa nini haikufuatwa?
4. Tukiweka faida upande mmoja na gharama upande mwingine, mizani inalalia wapi?

Halafu tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi na katika gazeti ambalo watakaoguswa wanaelekea kulisoma. Watu hupewa angalau siku 14 za kutoa maoni, na maoni hayo lazima yaangaliwe kabla kanuni haijatungwa. Ikishatangazwa, hupelekwa Bungeni ndani ya siku 7 za vikao. Isipopelekwa, inakosa nguvu.

Hebu tuangalie lile swali la pili, kwa sababu husahaulika. Wakulima wa viazi mnajua. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Karatasini ni ukombozi wa mkulima. Lakini broka anakuja shambani na gunia lake, analiongeza kwa juu mpaka linapita kilo 100, na bei ni ya gunia moja. Mkulima mmoja akikataa, broka anavuka ua na kwenda kwa jirani. Nani atasimama shambani na mizani? Mshahara wake utatoka wapi? Swali hilo lisipojibiwa, kanuni inabaki ukutani kama kalenda ya mwaka jana.

Mtasema, "Mama, hayo ni ya Nairobi. Sisi tutafanya nini?"

Nitawaambia jambo ambalo linaniuma mpaka leo. Ofisi moja iliitisha kikao cha maoni kuhusu ada mpya ya soko. Akina mama sita wa kikundi ninachotembea nacho walihudhuria. Mmoja akasimama kwa ujasiri akasema, "Ada hii inatuumiza." Afisa akamwuliza, "Inawaumiza kwa kiasi gani?" Mama akanyamaza. Siyo kwamba hakujua. Mwili wake ulijua, mfuko wake ulijua. Lakini hakuwa ameandika popote. Ada ikapita. Kosa lingine lilikuwa langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nimewafundisha kuandika mikopo na michango ya kikundi, lakini sikuwafundisha kuandika gharama za soko.

Basi tukarudi chini ya mwembe tukapiga hesabu. Nanyi tufanye pamoja. Tuseme ada ya siku ni shilingi 30 na inataka kupanda hadi 50. Watu watasema, si ni shilingi 20 tu? Lakini mama anauza siku 3 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 60. Kwa wiki 52 ni shilingi 3,120. Kikundi kina wanachama 25: jumla ni shilingi 78,000 kwa mwaka. Na kama faida yake ya siku ni shilingi 200, ada ya 50 imekula robo. Hapo hakuna atakayekuambia ni shilingi 20 tu.

Walipoitwa tena walikwenda na daftari. Ada haikufutwa, sitawadanganya. Lakini wenye beseni moja walitenganishwa na wenye vibanda, na wakalipa kidogo. Afisa aliandika hesabu yao kwa mkono wake.

Ndugu zangu, kampuni kubwa huja kwenye vikao hivi na mawakili na hesabu zilizochapwa. Sisi huja na malalamiko. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya sigara, British American Tobacco, iliyopinga kanuni za tumbaku za mwaka 2014. Kampuni ilishindwa. Lakini mahakama ilisema wazi kwamba kushirikisha wananchi lazima kuwe kwa kweli, siyo kwa kutimiza desturi tu. Neno hilo ni letu pia. Hata kaunti zetu, Katiba ya 2010 katika kifungu cha 196 inazitaka kushirikisha wananchi katika kazi za bunge la kaunti.

Kwa hiyo nawaomba mrudi nyumbani na mambo matatu. Kila kikundi kichague mtu mmoja wa kufuatilia matangazo kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi, katika magazeti na katika redio. Kila mwanachama aandike ada, nauli na leseni anazolipa, hata kama ni shilingi kumi. Na tangazo likija, kikundi kikae mara moja kabla siku hazijaisha, kijibu yale maswali manne, kiandike barua ya ukurasa mmoja, kiweke tarehe na sahihi, na kibaki na nakala.

Serikali haiwezi kuhesabu gharama ambayo haijaiona. Anayeiona ni wewe unayelipa. Usipoiandika, hesabu itafanywa bila wewe, na bado utalipa.

Mungu awabariki. Sasa nendeni mkakamue.