Kiti cha Kupewa na Kiti cha Kuomba: Ummy Mwalimu na Jimbo la Tanga Mjini



Mwanasheria ambaye magazeti humwandika Mheshimiwa Ummy Ally Mwalimu, watu wa Tanga humwita Odo Ummy, nami nimeichagua safari yake kwa kuwa inadhihirisha, kuliko nyingi nizijuazo, tofauti iliyopo baina ya kiti apewacho mtu na kiti akiombacho mwenyewe kwa watu.

Aliingia Bungeni mwaka 2010 kwa viti maalumu vya wanawake, ambavyo vyama hugawiwa kwa kadiri ya kura zao, na mwenye kuvitaka huwaomba ridhaa wanachama wenzake, si umati wa jimbo. Akafanywa naibu waziri, na Desemba 2015 Rais Magufuli akamkabidhi Wizara ya Afya. Machi 2020 ndiye aliyelitangazia taifa habari ya mgonjwa wa kwanza wa Korona, aliyegunduliwa Arusha. Ilhali hapakuwa na mtaa hata mmoja wa nchi hii uliopata kuliona jina lake katika karatasi ya kura. Silisemi hili kwa kumpunguzia hadhi, maana pasipo viti hivyo wanawake wengi wenye maarifa wasingalisikika kabisa; nalisema kwa sababu yeye mwenyewe, baada ya vipindi viwili, aliiacha njia hiyo akaliendea jimbo la Tanga Mjini.

Na jimbo lenyewe si jepesi. Marehemu Omari Nundu, mtaalamu wa usafiri wa anga aliyepata kuiongoza Kamisheni ya Usafiri wa Anga ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, huko Montreal, alilipata mwaka 2010 akawa Waziri wa Uchukuzi. Mei 2012 Rais Kikwete alimwondoa katika baraza la mawaziri, lakini ubunge wake haukuguswa, kwa kuwa hakupewa na Rais. Waliokuja kuutwaa ni wenyewe waliompa, Oktoba 2015, wakamkabidhi Mussa Mbarouk wa chama cha upinzani cha CUF.

Aombaye kura Tanga hana budi kupita barazani. Asubuhi, jua halijawa kali, wazee wa Ngamiani huwa wamekwisha kuketi mbele ya birika la kahawa, kikombe kidogo mkononi na kashata juu ya kipande cha karatasi. Mgombea hutoa shikamoo kwa mmoja mmoja, asimruke yeyote, kisha huulizwa hali ya mama yake, na maziko ya juzi ambayo hakuonekana, ndipo yafuate maji, ajira za vijana na bandari. Hapo uwaziri hauna kiti chake. Aliyesimama mbele yao ni mtoto wa fulani, na aghalabu jibu lake juu ya yale maziko hupimwa kwa makini zaidi kuliko ilani nzima ya chama.

Odo Ummy alitangazwa mshindi dhidi ya Mbarouk katika uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020, ambao wapinzani waliulalamikia nchi nzima. Insafu yataka nilitaje hilo waziwazi: ridhaa ya watu ina thamani pale tu wakala wa kila chama anapoketi kituoni tangu asubuhi, akaziona kura zikihesabiwa, akatia saini fomu namba 21B, nayo ikabandikwa nje kila apitaye aisome.

Baadaye alirejea Afya, Januari 2022, ukamkuta ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mwaka 2023, na mwaka huo huo akausimamia muswada wa bima ya afya kwa wote hadi ukapita Bungeni. Agosti 2024 Rais Samia alimteua mwingine kushika wizara hiyo. Safari hii, kama ilivyokuwa kwa Nundu, alitoka wizarani akibaki na jimbo lake mkononi. Kabla ya 2020 angalibaki na kiti cha chama tu.

Kwa hiyo natoa rai kwamba viti maalumu viwe na ukomo wa vipindi viwili kwa kila mbunge, miaka ile ile kumi aliyokaa Odo Ummy, kisha mwenye kutaka kuendelea aende barazani kwa wazee, akaulizwe habari za maziko.