Mguu Umevimba: Nani Katoa Amri?

Mazungumzo na vijana wa Munanila, Kigoma



Leo tuongee juu ya kuvimba. Umejikata na jembe ukilima maharage. Siku mbili baadaye mguu una joto, umevimba, unauma, na kinenani umetoka mtoki. Wengi mnasema ni vijidudu vimefanya yote hayo. Sivyo! Sehemu kubwa ni kazi ya mwili wako mwenyewe.

Iko hivi. Askari wa mwili, yaani chembechembe nyeupe za damu, wana vipokezi kwa nje. Kipokezi kikimgusa kijidudu, ndani ya chembe vinaamka vimeng'enya viitwavyo kinasi. Kinasi hubandika kipande cha fosfeti kwa mwenzake. Huyo naye anaamka, anambandika wa tatu. Ni kama taarifa ya msiba: nyumba ya kwanza inaiambia ya pili, mara kitongoji kizima kinajua. Ujumbe ukifika kwenye kiini, chembe inaanza kutengeneza kemikali za kuita askari wengine. Mishipa midogo inatanuka na kuvujisha maji. Ndiyo uvimbe huo, na joto lake. Kimeng'enya kingine, siklooksijenesi, huleta kemikali za maumivu na homa. Hicho ndicho kinachozuiwa na aspirini, kama alivyoonyesha John Vane wa Uingereza mwaka 1971. Na watu walikuwa wameimeza zaidi ya miaka 70!

Sasa tatizo liko hapa. Kijana anakwenda dukani, anauziwa prednisoloni au deksamethasoni bila cheti cha daktari. Uvimbe unashuka, anatamba kwamba kapona. Kumbe dawa hizo zimewanyamazisha askari tu. Vijidudu hazikuvigusa kabisa, vinaendelea kuzaana, na sasa hakuna wa kuvizuia.

Sisemi dawa hizo ni mbaya. Mwaka 2020 utafiti wa Uingereza ulionyesha deksamethasoni inapunguza vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliowekewa oksijeni. Hao walikuwa wanaumizwa na askari wao wenyewe waliokataa kutulia. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Dawa ileile, jamani! Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza na barisitinibu kwa wagonjwa mahututi. Hiyo inazikamata kinasi zenyewe.

Basi wewe, ukijikata, osha kidonda kwa maji safi na sabuni, uende zahanati, uulizie na chanjo ya pepopunda. Ukipata homa, au uvimbe ukipanda juu, usisubiri hadi kesho. Na kama daktari ndiye aliyekuandikia prednisoloni, na umeimeza kwa wiki kadhaa, usiikatishe ghafla kwa sababu ya maneno yangu haya. Rudi kwake kwanza, akupunguzie kidogo kidogo.