Mti wa Sikukuu Ndani ya Nyumba: Pambo na Toba

Hotuba mbele ya Washarika na Wageni wa Dayosisi katika Maadhimisho ya Miaka Mia Moja ya Usharika



Kila mwezi wa Desemba, nyumba nyingi za Wakristo huwa na mti sebuleni, wa asili au wa plastiki, uliovikwa taa na karatasi za kung'aa. Yafaa, Usharika unapotimiza miaka mia moja, kuuliza mti huo unasema nini na unaelekea wapi.

Desturi hii ilianzia katika nchi za Wajerumani. Maandishi ya mwaka 1605 yaeleza kwamba watu wa Strasbourg walisimamisha misonobari vyumbani wakati wa Noeli, wakaitundika waridi za karatasi, matofaa, mikate myembamba na sukari. Matofaa yalikumbusha bustani ya Edeni, kwa kuwa tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya Adamu na Hawa. Hivyo, tangu mwanzo, mti wa furaha ulibeba pia habari ya anguko la mwanadamu. Masimulizi yasemayo kwamba Martin Luther ndiye aliyeuwashia mishumaa kwanza hayana ushahidi wa wakati wake. Tena Johann Konrad Dannhauer, mwanatheolojia wa Kilutheri wa Strasbourg, aliulalamikia mti huo katika miaka ya 1640, akitaka watoto waelekezwe kwa Kristo kuliko kwa pambo.

Katika mji wa New Orleans, nchini Marekani, mti huo umepewa safari ndefu zaidi. Huko, msimu wa kanivali huanza siku ya Epifania, tarehe 6 Januari. Badala ya kuuondoa mti, familia nyingi huuvua mapambo ya Noeli na kuuvika shanga, vinyago na riboni za rangi tatu: zambarau, kijani na dhahabu. Rangi hizo zilianza na chama cha Rex mwaka 1872, na mwaka 1892 zikatangazwa kuwa ni haki, imani na uwezo. Sherehe hufikia kilele Jumanne iitwayo Mardi Gras, yaani Jumanne ya Mafuta, siku ya mwisho ya kula vinono kabla ya mfungo. Kesho yake ni Jumatano ya Majivu.

Kanivali si desturi ya Walutheri wa Tanzania, wala hakuna haja ya kuiiga. Hata hivyo mti ule unafundisha jambo moja: furaha ya Kanisa ina kalenda, na kalenda hiyo hutoka horini ikapita majivuni hata msalabani. Anayepamba kwa ajili ya Noeli anajiandaa pia, ajue asijue, kwa Kwaresima.

Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893, waliwakuta Wachagga wakiwa na mmea wenye heshima yake, yaani isale. Haukuhitaji taa. Aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani lake kuomba msamaha, na aliyelipokea alijua uzito wa kulikataa. Mababa walikuwa tayari wanafahamu kwamba jani bichi laweza kubeba toba.

Hapo ndipo penye swali la miaka mia ijayo. Kila Desemba watoto wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka mijini. Mti hupambwa, mbuzi huchinjwa, kwaya huimba. Lakini ndugu wawili wanaogombania kihamba cha baba yao waweza kuketi chini ya mti mmoja, taa zikiwaka, wasisemezane hata neno. Mti huo umependeza, ila haujafanya kazi yake. Afadhali nyumba isiyo na pambo lolote, ambamo mkubwa na mdogo wamepeana mkono.

Basi wazazi wanapopamba, wawaeleze watoto sababu ya tofaa na ya taa. Wazee wa Kanisa wanapopita nyumba kwa nyumba, waulize habari za amani kabla ya kuusifu mti. Na mwenye kosa asingoje majivu ya Kwaresima: achukue isale leo, aende kwa ndugu yake.

Mungu aubariki Usharika huu katika karne yake ya pili. Amina.