Chanjo Dhidi ya Fangasi wa Ukeni: Tuanze na Darubini

Mada kwa wahudumu wa afya wa Tiwi, Diani na Msambweni



Maana ya chanjo sote twaijua. Candida albicans pia twamjua: fangasi wa jamii ya hamira, hukaa mwilini bila madhara mpaka apate upenyo wa ujauzito, kisukari, antibayotiki au kinga iliyoshuka.

Hakuna chanjo ya fangasi iliyoidhinishwa kwa binadamu. Iliyofika mbali ni NDV-3A, iliyojaribiwa Marekani na matokeo yake kuchapishwa 2018. Huufundisha mwili kuitambua protini ambayo fangasi huitumia kujishikiza ukeni. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 40 waliosumbuliwa mara kwa mara, asilimia 42 ya waliochanjwa walimaliza mwaka bila dalili. Kwa wasiochanjwa, 22. Inatia moyo, lakini msimwahidi mama yeyote. Na chanjo ya HPV wanayopewa mabinti zetu ni ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, fangasi haimgusi.

Linaloniuma ni jingine. Mama anafika duka la dawa, anasema, "Nipe ya fangasi," anapewa flukonazoli ya miligramu 150. Wiki mbili baadaye yuko pale pale. Huenda hakuwa na fangasi kamwe. Utafiti wa Marekani wa 2002 uliwapima wanawake 95 waliojinunulia dawa hizo: thuluthi moja tu ndio waliokuwa na fangasi peke yake. Nasi kwenye dispensari twasikiliza dalili, twaandika dawa. Miongozo yaturuhusu, na naiheshimu, lakini muwasho peke yake haumtambulishi fangasi.

Kupima ni kazi ya dakika chache. Weka ute kwenye kioo, dondoshea potasiamu haidroksaidi. Ikifuka harufu ya samaki, shuku bakteria. Fangasi akiwepo, darubini itakuonyesha nyuzi na vichipukizi vyake. Nimehudumu kituo ambacho darubini ilikaa kabatini kwa kukosa balbu, na flukonazoli ikiendelea kuagizwa. Chanjo ikija kesho, tutamchanja nani, ilhali hatujui nani ana fangasi wa kweli?

Kwa heshima, napendekeza kila kituo chenye maabara kipime ute kabla ya dawa. Palipokosekana maabara, vijikaratasi vya kupimia asidi vitasaidia. Anayeugua mara 3 au zaidi kwa mwaka apimwe sukari na VVU, kisha fangasi akithibitishwa apewe flukonazoli ya kila wiki kwa miezi 6, si kidonge kimoja kimoja. Mjamzito asipewe flukonazoli ya kumeza. Apewe klotrimazoli ya ukeni kwa siku 7. Wenye maduka ya dawa waitwe semina ijayo, waelezwe kwamba anayerudi kununua tena aletwe kituoni. Wahudumu wa jamii wawaambie kina mama hivyo hivyo, na wasitangaze chanjo isiyokuwepo. Tuweke daftari la waliothibitishwa kwa darubini, maana hao ndio watakaohitaji chanjo siku ikifika. Narudia: kupima kwanza. Na balbu za darubini ziingizwe kwenye oda ya robo mwaka ijayo, pamoja na dawa.