Daftari la Mkulima ni Shahidi Wake
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Tulipofunga darasa, baadhi yenu mlituuliza: "Mwalimu, kuandika tumejua. Sasa tuandike nini? Barua hatuna wa kumpelekea." Swali hilo ni zuri. Leo tunalijibu kwa habari ya wakulima wa mbali, wa nchi ya Marekani.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulienea duniani. Kule Marekani shule zilifungwa, na hoteli za chakula zikafungwa. Wanunuzi wakapungua. Lakini ng'ombe hangojei soko. Kila siku sharti akamuliwe. Basi wafugaji wengine walimwaga maziwa chini. Machinjio kadhaa nayo yalifungwa, maana wafanyakazi waliugua. Nguruwe wakakosa pa kupelekwa. Watu walikuwa na mali, lakini fedha hawana.

Mwezi Aprili 2020 serikali yao ilitangaza msaada wa dola bilioni 19. Bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima na wafugaji wenyewe. Bilioni 3 zilikuwa za kununua chakula cha kuwagawia wenye shida. Septemba ikatangaza awamu ya pili, ya hadi dola bilioni 14.

Je, fedha hizo ziligawanywaje? Hapo tegeni sikio. Mkulima alipeleka maombi ofisi ya kilimo ya wilaya yake. Alijaza fomu. Aliulizwa mazao yake, mauzo yake na mifugo aliyobaki nayo. Kisha alitia sahihi kwamba aliyoyaandika ni kweli. Ofisi ikitaka ushahidi, sharti atoe hati zake.

Haya, tufanye hesabu. Katika awamu ya pili, mkulima wa mboga alilipwa kwa kufuata mauzo yake ya mwaka 2019. Kama mauzo hayakufika dola 50,000, kila dola 100 zilimpa dola 10 na senti 60. Tuseme mtu aliuza mboga za dola 10,000. Haki yake ni dola 1,060. Lakini tuseme aliandika mauzo ya dola 4,000 tu, na mengine yamo kichwani. Anayoweza kuyathibitisha yatampa dola 424. Dola 636 zimepotea! Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwake. Usahaulifu ndio umemwibia.

Hatusemi kwamba mpango ule ulimpendeza kila mtu. Malipo yalifuata wingi wa mali. Mkubwa aliweza kupata hadi dola 250,000 katika awamu ya kwanza, na mdogo akapata kidogo. Basi mdogo ndiye hasa asiyefaa kupoteza hata senti moja ya haki yake.

Jibu letu ni hili. Chukueni daftari, mpige mistari, mpate nafasi tano: tarehe, zao, kiasi, bei, mnunuzi. Mkiuza hata debe moja la mahindi, andikeni siku ile ile. Msiongeze, msipunguze. Msaada waweza kuja, waweza usije. Lakini siku ya kuulizana na mnunuzi, au na karani wa ushirika, daftari litasema kwa niaba yenu.

Wazee walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Zamani tuliweza kujitetea kwamba hatujui kuandika. Leo, ndugu zangu, tutajitetea kwa lipi?