Bangi ya dawa na maumivu ya viungo

Mama zangu, baba zangu wa Neasden, baridi yabisi inatesa. Wengi mmeniuliza kuhusu bangi ya dawa. Tangu Novemba 2018 sheria ya Uingereza inairuhusu, lakini anayeanza kuiandika ni daktari bingwa, si GP. Kwa maumivu ya viungo, NHS kwa kawaida haiitoi; kliniki za binafsi hutoza pesa. Ya mtaani ni kosa la jinai, hata ukiitumia kutuliza maumivu, na kosa hilo laweza kuharibu ombi lako la uraia. Lakini msivumilie kimya. Nendeni kwa GP, ombeni mkalimani. Ni bure, msimtumie mtoto. Mwelezeni maumivu yanawazuia nini: kupanda ngazi, kusujudu, kufua. Hapo ndipo atajua pa kuanzia.